Hivi "jamii" inaweza kusababisha jambo, au ni watu tu? Nileteeni sentensi moja isiyofasirika

#1 Mpembuzi
Wakuu, salaam.
Nina dai, naomba livunjwe kwa hoja. Kila siku tunasoma "jamii imemlazimisha", "muundo umesababisha", "mfumo unazalisha". Jamii haina mikono wala nia. Anayetenda ni mtu: anaogopa, anapiga hesabu ya faida, anaiga, anazoea. Kwa hiyo nasema hivi: kila sentensi ya kweli yenye neno jamii, taasisi, tabaka au muundo inaweza kuandikwa upya kwa kutaja watu, wanayoamini, wanayotaka na wanavyohusiana, na hakuna kitakachopotea. Ikishindikana kuandikwa hivyo, basi ilikuwa picha ya maneno, haikuwa maelezo.
Anayepinga alete sentensi moja isiyofasirika. Moja tu.

#2 DaftariKuukuu
"Mteja ametoa fedha benki." Hiyo hapo, na si yangu, ni mfano wa mwanafalsafa Mandelbaum wa mwaka 1955.
Jaribu kuiandika upya. Mtu A anampa mtu B karatasi, B anampa A karatasi nyingine. Kwa nini B ametoa? Utasema anaamini A ana akaunti. Akaunti ni kitu gani? Ukianza kuieleza, benki imerudi, safari hii imejificha ndani ya kichwa cha B. Yaliyomo katika imani za watu ni taasisi zile zile ulizotaka kuzifuta.

#3 Mpembuzi
Asante mkuu, ila tutenganishe. Mandelbaum mwenyewe hakusema jamii ipo pasipo watu. Na imani kuhusu benki si benki. Watu wakiamini mizimu, mimi naeleza matendo yao kwa imani hiyo na sikubali kwamba mizimu ipo. Kwa benki inatosha kusema: kila mmoja anaamini, na anaamini kwamba wenzake wanaamini.

#4 Tanbihi
Mfano wa mizimu unakuangusha. Mizimu ikiaminiwa na kila mtu haizaliwi kwa sababu ya kuaminiwa. Karatasi ikikubaliwa na wote kuwa noti inakuwa noti. Ndiyo kanuni ya mwanafalsafa Searle katika kitabu cha mwaka 1995: kitu X kinahesabiwa kuwa Y katika muktadha C. Hapo kukubaliana ndiko kunakofanya kitu kiwe.
Halafu kuna noti bandia. Wote waliopo mezani wanaamini ni halali, kila mmoja anajua mwenzake anaamini, biashara inaendelea. Bado ni bandia, kwa sababu haikutolewa na mwenye mamlaka ya kuitoa. Sasa nifasirie neno "bandia" kwa kutumia imani za waliopo mezani pekee.

#5 Msomi_Mgeni
Mbona Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa, alishamaliza hili mwaka 1895? Alisema mambo ya kijamii ni vitu. Kitu kipo, mjadala umeisha. Na yeye ndiye aliyeipa sosholojia, elimu ya jamii, jina lake.

#6 DaftariKuukuu
Karibu sana #5, ila hapo kuna marekebisho mawili.
Kwanza jina. Mwanafalsafa Mfaransa Comte ndiye aliyeliingiza kwenye maandishi yaliyochapwa, juzuu ya nne ya masomo yake ya falsafa chanya, mwaka 1839. Kabla ya hapo alikuwa akisema "fizikia ya jamii", mtakwimu Quetelet akalitumia jina hilo kwenye kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1835, Comte hakupenda kuchanganywa naye. Sieyès naye alikuwa ameshaliandika neno sosholojia kwenye karatasi zake za mkono katika karne ya 18, lakini halikuchapwa wakati huo.
Pili, na hili ndilo zito: Durkheim alisema tuyachukulie mambo ya kijamii KAMA vitu. Ni amri ya mbinu. Kwenye dibaji ya toleo la pili la mwaka 1901 alilalamika kwamba wasomaji walimwelewa vibaya, akafafanua kuwa hasemi ni vitu vya kushikika. Maana yake ni kwamba hatuwezi kulijua jambo la kijamii kwa kujitazama ndani ya nafsi. Lazima tutoke nje tukalichunguze, kama tusivyojua uzito wa jiwe kwa kutafakari. Alitoa alama mbili za kulitambua: liko nje ya mtu mmoja mmoja, na linambana. Jaribu kulikiuka, ndipo utakapolihisi.

#7 Mzani
Naongeza kwenye #6 tatizo la lugha yetu. "Fait social", Kifaransa cha Durkheim cha "jambo la kijamii", tumezoea kuiita "ukweli wa kijamii". Ukweli kwetu ni kinyume cha uongo, kwa hiyo mwanafunzi anadhani Durkheim anazungumzia kauli za kweli kuhusu jamii, wakati yeye anazungumzia namna za kutenda, kufikiri na kuhisi. "Jambo la kijamii" linamfaa zaidi.
Msimamo wa mleta mada nao nimeona ukiitwa "ubinafsi wa kimbinu". Hilo nalo ni tatizo. Ubinafsi ni choyo, na msimamo huu hausemi kwamba watu ni wachoyo. Mtu mkarimu kupindukia anaweza kuelezwa kwa njia hiyo hiyo. Mimi nasema "mbinu ya mtu mmoja mmoja". Ni ndefu, lakini haidanganyi. Jina lake la Kijerumani lilitumiwa na mwanauchumi Schumpeter mwaka 1908, na hata yeye alisisitiza kwamba mbinu hiyo si siasa ya kutetea uhuru wa mtu. Waliomfuata wengi wamesahau onyo hilo.

#8 Mpembuzi
Mzani umenisaidia. Naomba hilo lishikwe: mimi sitetei uchoyo wala siasa yoyote. Na niko pamoja na Weber, mwanasosholojia Mjerumani, ambaye mwaka 1920, miezi michache kabla ya kufa, alimwandikia mwanauchumi Liefmann kwamba hata sosholojia lazima ianzie kwenye matendo ya mtu mmoja au watu kadhaa.

#9 Kokotoo
Tuache barua kidogo, twende kwenye namba, maana huko ndiko kosa linakoumiza.
Mwaka 1950 Robinson alichukua sensa ya Marekani ya mwaka 1930, watu wa miaka 10 na zaidi. Alitazama kuzaliwa nje ya nchi na kutojua kusoma. Kwa mtu mmoja mmoja korelesheni, yaani kipimo cha namna vitu viwili vinavyokwenda pamoja, ni chanya, 0.12. Kwa ngazi ya majimbo inageuka kuwa hasi 0.53. Ukiyakusanya majimbo katika kanda 9 inafika hasi 0.62. Data zile zile, swali lile lile, alama imegeuka. Sababu: wahamiaji walielekea kukaa kwenye majimbo ambayo wenyeji wake wengi zaidi walijua kusoma.
Sasa namba nilizotunga mwenyewe ili muone kwa macho: maeneo matatu yenye watu 100 kila moja, makundi P na Q:
Eneo la kwanza: P 20, matukio 2; Q 80, matukio 8. Jumla 10.
Eneo la pili: P 50, matukio 5, Q 50, matukio 15. Jumla 20.
Eneo la tatu: P 80, matukio 8, Q 20, matukio 17. Jumla 25.
Anayesoma jumla tu ataandika "kadiri P wanavyoongezeka, matukio yanaongezeka, basi P ndio wenye tatizo". Kumbe P ni asilimia 10 kila mahali. Kwa jumla P ni 15 kati ya 150, Q ni 40 kati ya 150. Mwaka 1958 Selvin alimkosoa Durkheim kwa hatua ya aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1897 kuhusu kujiua: huwezi kutoka kwenye uwiano wa Waprotestanti katika mikoa na kuruka hadi kwa Mprotestanti mmoja.

#10 Mpembuzi
Hapo umepiga penyewe. Ukishuka hadi kwa watu, uongo wa "jamii" unafutika.

#11 Tanbihi
Taratibu ndugu yangu. Rudi kwenye jedwali la Kokotoo, tazama Q peke yao: asilimia 10, kisha 30, kisha 85. Kimebadilika nini? Kwenye maelezo tuliyopewa, Q ni wale wale. Kilichobadilika ni uwiano wa kundi linalowazunguka. Uwiano huo si sifa ya mtu yeyote. Huwezi kumpima mtu mmoja ukaukuta. Mfano ulioletwa kumpinga Durkheim unaonyesha sababu iliyoko nje ya mtu na inayombana.

#12 Mpembuzi
Uwiano ni hesabu ya watu. Kuhesabu watu 80 hakuzai mtu wa 81 anayeitwa jamii.

#13 Kokotoo
Tanbihi yuko sawa kuhusu Q, lakini asiende mbali. Kwa jedwali pekee hujui kama uwiano umewaathiri Q, au kama Q wa aina fulani ndio waliobaki au kuhamia eneo la tatu. Kuathiriwa na kujichagua vinatoa namba zile zile. Lazima uwe na vipimo vya kabla na baada ya kuhamia, au kitu kilichowapanga watu bila hiari yao.
Kwa anayetaka kupima, haya ndiyo yanayoharibika mara nyingi:
Kwanza, mtu anaingiza kipimo cha mtu binafsi kama kilivyo na kusahau wastani wa kundi. Matokeo yake ni mchanganyiko wa athari mbili na hajui ipi ni ipi. Toa wastani wa kundi kutoka kwa kila mtu, halafu wastani wenyewe uingize kama kigezo cha ngazi ya kundi.
Pili, mtu anahesabu watu waliokaa pamoja kana kwamba ni watu huru. Tuseme kipimo cha kutofautiana kati ya makundi ni 4, na ndani ya makundi ni 36: sehemu ya makundi ni 4 kwa 40, yaani 0.10. Inaonekana ndogo. Lakini kwa makundi ya watu 30, kigezo cha kurekebisha ni 1 + 29 × 0.10 = 3.9. Sampuli ya watu 3,000, ukiigawa kwa 3.9, inabeba taarifa ya watu huru 769 hivi. Ripoti ikitangaza uhakika wa watu 3,000, inajidai.
Na hiyo 0.10 haithibitishi kwamba jamii ipo. Inasema watu wa kundi moja wanafanana, haisemi kwa nini.

#14 Kizingiti
Nilikuwa msomaji tu, nimeshindwa kunyamaza. Mfano wa mwanasosholojia Granovetter wa mwaka 1978 unawafaa wote wawili.
Watu 100 uwanjani. Kila mmoja ana kizingiti: ataingia kwenye vurugu akishaona idadi fulani wameingia. Wa kwanza ana 0, anayefuata 1, kisha 2, hadi 99. Mwenye 0 anaanza, mwenye 1 anamfuata, na wote 100 wanaingia. Sasa mtoe mwenye kizingiti cha 1, weka mwenye 2. Mwenye 0 anaanza, hakuna wa kumfuata, mambo yanaishia kwa mtu mmoja. Wastani wa vizingiti umetoka 49.50 kwenda 49.51. Anayefanya dodoso atapata makundi mawili yasiyotofautika, halafu magazeti yataandika kwamba kundi moja ni la wahuni na jingine ni la wastaarabu.

#15 Mpembuzi
Umenipa ushindi mkuu! Vizingiti ni vya watu. Hakuna jamii humo.

#16 Kizingiti
Niambie basi ni mtu gani kati ya 99 waliobaki kwenye kundi la pili anayebeba sababu ya utulivu. Hakuna aliyebadilika. Kilichobadilika ni mpangilio, kwamba pana pengo kati ya 0 na 2. Pengo si mtu. Nakubali hakuna kitu cha 101 kinachoelea juu ya uwanja. Nasema tu kwamba maelezo lazima yataje mpangilio, na mpangilio haumo kwenye orodha ya imani na matakwa ya mtu yeyote.
Mwanasosholojia Coleman mwaka 1990 aliuchora mchoro unaofundishwa kila mahali: hali ya jumla inaathiri mazingira ya mtu, mtu anatenda, matendo yanarudi kuwa hali mpya ya jumla. Mishale mitatu. Mshale wa tatu ndio unaochorwa ovyo. Watu wanauchukulia kuwa ni kujumlisha. Hapo uwanjani kujumlisha kungekupa matokeo yale yale kwa makundi yote mawili. Unahitaji utaratibu: nani anamwona nani, kwa mfuatano upi.

#17 Bi_Hoja
Naona mnakwepa muda. Wote mnapiga picha ya siku moja.
Chukua idadi ya watu kwa umri. Watakaokuwa na miaka 30 baada ya miaka 20 ijayo wana miaka 10 leo. Waliopo leo wabadili imani zao zote, wakubaliane kwa kauli moja, hawawezi kuongeza mtu mmoja kwenye rika hilo isipokuwa kwa uhamiaji. Ni muundo, unabana, na waliousababisha wengine wameshakufa. Mwanasosholojia Archer alimkaba mwenzake Giddens hapo. Giddens, katika kitabu cha mwaka 1984, anasema muundo ni kanuni na rasilimali zinazokuwepo pale tu watu wanapozitumia. Mpangilio wa umri hausubiri kutumiwa na mtu. Archer anadai tutenganishe hatua tatu: masharti yaliyotangulia, matendo ya waliopo, kisha muundo kugeuzwa au kubaki. Ukiziunganisha zote katika dakika moja huwezi tena kuuliza nani alimwathiri nani.

#18 Mpembuzi
Hilo ni zito kuliko benki. Jibu langu: waliosababisha walikuwa watu. Waliokufa nao ni watu.

#19 Bi_Hoja
Ndiyo, na hapo dai lako la #1 limebadilika. Ulisema watu, wanayoamini na wanayotaka. Matakwa ya marehemu hayamsukumi mtu leo. Kinachosukuma ni kilichobaki. Tena wengi wao hawakukusudia kuunda rika, walikusudia kupata mtoto.

#20 Msomi_Mgeni
Samahani kwa kurudi nyuma. Je, tukisema taasisi ipo kwa sababu "inaisaidia jamii kudumu", hayo si maelezo kamili?

#21 Tanbihi
Swali zuri, maana kosa hilo ni la kila siku. Kusaidia ni tokeo, na tokeo huja baadaye. Haliwezi kuleta kilicholitangulia bila njia ya kurudi nyuma. Mwanafalsafa Elster aliweka masharti ambayo mimi huyatumia kama chujio: tokeo litokane kweli na desturi hiyo, lilinufaishe kundi, liwe halikukusudiwa, lisiwe limetambuliwa na watendaji, na, hapa wengi wanaanguka, manufaa hayo yaidumishe desturi kwa mzunguko unaopitia kwa watendaji hao wasiojua. Andiko lisiloonyesha mzunguko huo limeonyesha manufaa, halijaonyesha sababu. Durkheim mwenyewe, mwaka 1895, alitaka sababu ya jambo na kazi yake zitafutwe kila moja peke yake.

#22 Mzani
Mnazungumza kana kwamba kazi yote ni kusababisha. Weber alianza na kuelewa. Mvua ikianza watu wakafungua miavuli kwa pamoja, kwake hilo si tendo la kijamii, kwa sababu kila mmoja anajibu mvua. Waendesha baiskeli wawili wakigongana ni ajali tu. Wakijaribu kukwepana, au wakitukanana baadaye, hapo ndipo tendo la kijamii linapoanza, kwa kuwa kila mmoja anamzingatia mwenzake. Kokotoo anaweza kuwa na korelesheni safi kabisa ya miavuli na asiwe amegusa sosholojia.
Mwanafalsafa Winch mwaka 1958 alisukuma mbali zaidi: tendo ni tendo kwa kufuata kanuni, na kanuni huwezi kuijua kutoka nje bila dhana za wanaoifuata. Mtafiti anaruhusiwa kubuni istilahi wasiyoijua watendaji, lakini ni lazima ifungwe kwenye dhana zao wenyewe. Ikikatika hapo, anapima kivuli chake.

#23 Kokotoo
Nakubali nusu. Bila kuelewa sijui nihesabu nini. Jack Douglas mwaka 1967 alionyesha hilo kwa takwimu rasmi za kujiua alizotumia Durkheim: kabla ya kuwa namba, kila kifo kilipitia kwa ofisa aliyeamua kukiita jina gani, na maofisa hawaamui sawa kila mahali. Lakini ukiishia kwenye kuelewa, utamwelewa kila mmoja wa wale 100 wa Kizingiti, moyo wake wote, na bado hutajua kama uwanja utawaka.

#24 DaftariKuukuu
Nje kidogo ya mada: mjadala huu ulifanyika ana kwa ana jijini Paris mwaka 1903, Durkheim na Tarde. Tarde alikuwa upande wa Mpembuzi: kila kitu ni mtu kumwiga mtu. Alifariki mwaka uliofuata. Na tukitaka kurudi nyuma zaidi, Ibn Khaldun alikuwa ameandika mwaka 1377 juu ya asabiya, mshikamano unaoibeba dola kisha unachakaa starehe ikizoeleka. Isomeni upya kwa macho ya #16: je, asabiya ni hisia ya kila mtu, au ni mpangilio wao?

#25 Mpembuzi
Nashukuru wote. Nafuta "wanayoamini na wanayotaka" na kuandika upya: watu, waliopo na waliotangulia, imani zao, matakwa yao, idadi yao, mpangilio wao na vitu walivyoacha. Kwa orodha hiyo nasimama palepale, kila sentensi inafasirika. Na noti bandia ya #4: ni noti ambayo haikutolewa na watu ambao watu wengine wanawakubali kuwa watoaji.

#26 Tanbihi
"Wanawakubali kuwa watoaji." Mtoaji ni cheo. Waliokishika juzi wameondoka, wamekuja wengine, noti za zamani bado ni halali ingawa waliozitia saini hawamo ofisini na huenda hawajulikani hata kwa majina na anayezitumia. Fasiri "cheo" bila kurudisha taasisi.

#27 Kizingiti
Mimi nina wasiwasi na orodha yenyewe. Umeingiza "mpangilio". Mwanafalsafa Lukes alitoa onyo hili mwaka 1968: mbinu ya mtu mmoja mmoja, ikiruhusiwa kumweleza mtu kwa sifa ambazo tayari ni za kijamii, haimpingi tena yeyote. Tuambie, Mpembuzi: ni sentensi gani ya Durkheim ambayo orodha yako mpya inaikataa?

#28 Mpembuzi
Nipeni hadi kesho. Nitaanza na "cheo".